Kiti Kilichoinua Pua

Nilimwahidi baba kwamba sitamwambia mtu, hata mama. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba, kreti ya samaki ikiwa bado imefungwa nyuma, akabaki ameshika ukuta. Sehemu zake za siri, alisema bila kunitazama, zilikuwa zimekufa ganzi tangu asubuhi. Ilikuwa wiki ya tatu, na kila siku ganzi ilichelewa zaidi kuondoka.

Hasira yangu ilianzia hapo, kwa kuwa chanzo kilionekana kwa macho. Kiti kilikuwa kimeinua pua, ile ncha yake ya mbele, ikimkandamiza papo hapo. Wabeba samaki wa Asembo Bay hukiweka hivyo ili kreti isiwasukume mbele. Anayekilaza huonekana mgeni wa kazi.

Jumamosi tuliipeleka baiskeli sokoni Kibuye, kwa fundi aliyekifunga kiti hicho. Nilimwomba akilaze na kukishusha kidogo.

"Omera, ndugu yangu, umesoma mpaka unaogopa kiti?" Akawageukia wateja. "Anataka mzee aendeshe kama bibi harusi!"

Wakacheka. Baba naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, huku amesimama miguu imepanuka. Nilimkasirikia fundi, lakini zaidi niliikasirikia ahadi yangu: neno moja la kweli lingewanyamazisha wote, nami sikuwa na ruhusa ya kulisema.

Nyumbani niliazima spana. Nililegeza nati, nikalaza juu ya kiti chupa ya maji isiyojaa, nikakisawazisha mpaka kiputo cha hewa kilipotulia katikati. Nikakishusha hadi kisigino cha baba kikafika kwenye pedali ya chini bila kiuno kuyumba. Kisha nikaikaza kreti kwa mipira, nyuma zaidi, isimguse mgongo.

"Wataniona," alisema.

"Wakuone, Baba. Mwili ni wako, si wao."

Siku ya tisa alinikuta nikifua shati. "Hisia zimerudi," alisema, akatazama ziwani.

"Na wenzako?"

Anawajua wanaoshika ukuta wakishuka. Wanajuana, na wote hucheka.

"Andika," alisema hatimaye. "Jina langu usiweke."

Nimeandika, na hasira haijaisha. Wewe unayebeba mzigo kwa baiskeli, tafadhali kilaze kiti chako leo. Na ganzi isipoondoka, nenda kliniki, useme wazi ganzi iko wapi.