Fundi Alale Kwanza Kwenye Machela

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza useremala, na kichwa kimejaa sifa. Kijiji chetu kiko milimani juu ya Bumbuli, gari halifiki, na mgonjwa aliyezidiwa hushushwa hospitalini mabegani mwa watu, kwenye machela. Ile ya fito na kamba za migomba ilikuwa imechakaa, nikaombwa nitengeneze mpya.

Nikaona picha ya machela kwenye kitabu, nikaiiga ilivyo. Nikaipiga randa, nikaipaka vanishi mpaka ikang'aa. Watu wakaisifu, nami nikavimba kichwa. Niliijaribu sakafuni tu, palipo sawa. Njiani sikupita nayo hata hatua kumi.

Wa kwanza kubebwa alikuwa Mama Zubeda, uchungu umemshika tangu alfajiri. Walipoanza kushuka korongo lililo juu ya mashamba ya chai, aliteleza kwenye ule ubao wangu laini, akatangulia kichwa. Mumewe alimdaka nusunusu. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Mpaka leo tukikutana gulioni hunijulia hali vizuri tu, na mimi macho yangu huenda kwenye ule mkono.

Kesho yake Mzee Shemhilu, mkubwa wa wabebaji, alikuja karakanani kwangu na watu wanne. Hakunitukana. Alisema, "Lala." Nikalala. Wakanishusha njia nzima, nimeng'ang'ania kingo kwa kucha, nasoma kila dua niliyoijua. Tulipofika chini akaniambia, "Ungelala wewe kwanza, yule mama asingeanguka. Kuanzia leo habebwi mgonjwa hapa kama fundi hajabebwa." Ikawa desturi yetu. Kisha wazee wa wakati ule wakafariki mmoja mmoja, nayo ikaanza kusahaulika.

Nakuambia haya kwa sababu mwaka huu nimeogopa tena. Mjukuu wangu Rehema anasomea ubunifu wa bidhaa chuoni Dar. Alipokuja likizo, kamati ya kijiji ikamwomba asanifu machela mpya. Akafungua kompyuta, akaiandikia akili mnemba maneno machache, na uji wangu haujapoa nikaonyeshwa picha kumi na mbili. Mabomba mepesi, mikanda, gurudumu chini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mwenyekiti alitaka ziagizwe wiki hiyohiyo, zetu na za vijiji jirani.

Nikamwambia Rehema, "Hebu iulize, mgonjwa atafika salama pale korongoni?"

Akaandika. Jibu likaja palepale, tena la adabu: ni salama kwenye miteremko yote.

"Imepita lini pale?"

Rehema akacheka. "Babu, hii imesoma njia za dunia nzima."

Sikucheka. Kosa langu lilikuwa kwenye machela moja, na lilinitosha. Kosa la kwenye picha hunakiliwa mara mia kabla jua halijatua, na kila nakala inang'aa vilevile. Halafu dada yake Rehema, Saida, alikuwa na mimba ya miezi minane, na yeye anaishi huku huku juu.

Nikashika msimamo wangu wa kizee mpaka wakanichoka. Fundi wa kuchomelea akatengeneza moja, na Rehema akakubali kulala, nadhani kwa kunibembeleza tu. Binamu zake wanne wakambeba. Mpaka korongoni alikuwa anatutania. Pale gurudumu likanasa kwenye mizizi, machela ikainama, naye akashuka kwa uzito wake mpaka mkanda wa kifuani ukamkaba shingo. Walimfungua upesi. Alikaa kwenye majani akikohoa.

Alipopata sauti alisema, "Babu, Dada Saida angekuwa humu." Akaanza kulia.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayejifunza kubuni vitu vya kutumiwa na watu. Sikukatazi hiyo akili mnemba. Ile sehemu ya kuegemeza kichwa iliyochorwa pale, mimi nisingeiwaza hata ningeishi miaka mingine themanini, na Rehema ameibakiza. Ameondoa gurudumu, amehamisha mikanda, kisha akalala tena mara mbili. Ninachokuonya ni hiki: ile haina shingo ya kukabwa wala dada wa kumpoteza. Ikiwa sahihi au ikikosea, inakujibu kwa upole uleule, na upole huo ndio unaonitisha. Basi woga ambao yenyewe haina, uwe nao wewe. Kabla hujampa mtu kitu, kitumie mwenyewe, pale penye ubaya zaidi, mbele ya watu watakaokitumia. Ukiambiwa unachelewesha kazi, chelewesha.

Saida alishushwa kwa machela hiyo wiki tatu baadaye, na Rehema alitembea pembeni njia nzima, mkono wake kwenye mkanda.

Mungu akupe akili na vyombo vizuri kuliko vyetu, mwanangu. Na woga wako asikuondolee.