Ndoo ya Maganda

Harufu ya maganda ya viazi yaliyokaa ndani ya ndoo tangu asubuhi, ikichanganyika na moshi wa kuni za mkaratusi, hunirudisha Lushoto hata nikiwa wapi. Wengine wakiikumbuka milima ya Usambara hukumbuka maua na maji baridi. Mimi nakumbuka ndoo. Ilikuwa ya plastiki, ya bluu, zamani iliwekwa rangi ya kupaka ukuta, na mshikio wake ulipokatika Baba aliufunga kwa kamba ya katani iliyonikata vidole. Kila jioni baada ya shule nilitumwa kuipeleka kwa jirani yetu Mama Elia, aliyekuwa na ng'ombe, na yeye alinirudishia chupa ya maziwa. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimegoma kuongea.

Mgomo wangu ulikuwa na sababu, na kwa akili yangu ya wakati ule ilikuwa sababu nzito kabisa. Mpaka mwezi wa saba mwaka ule tulikuwa tukiishi Tanga mjini, Ngamiani, katika nyumba ya Bibi mzaa baba. Nililala kitanda kimoja na Bibi, nilimjua muuza kashata kwa jina, na sikuwahi kuvaa soksi. Kisha Mama, ambaye alikuwa muuguzi, akaletewa barua ya uhamisho kwenda zahanati moja ya huku milimani. Baba alikuwa fundi cherehani, na kanzu zake zilisifiwa mtaa mzima. Hakutaka nyumba igawanyike, lakini pia hakutaka kuondoka, kwa hiyo alitafuta njia ya katikati. Alisema tutakwenda wote, tutakaa mpaka mvua za vuli ziishe, halafu mimi na mdogo wangu Bakari tutaulizwa: kukaa au kurudi? Tukisema kurudi, yeye angeturudisha kwa Bibi, na Mama angebaki peke yake hadi apate uhamisho mwingine. Mimi nilisikia neno kurudi tu. Hiyo habari ya Mama kubaki iliingia sikio hili ikatokea lile.

Tulihama kwa Fuso la kukodi. Cherehani cha Baba kilifungwa ndani ya blanketi zito la kijivu, jipya kabisa, na kuanzia Mombo, barabara ilipoanza kupinda na kupanda, Baba alihamia nyuma akakaa amekikumbatia. Bakari, aliyekuwa na miaka sita, alitapika mara mbili kabla hatujafika Soni. Mama alikuwa akituonyesha maporomoko, vijumba vilivyong'ang'ania mlimani na mashamba ya kabichi yaliyopangwa ngazi ngazi, na alikuwa akishangilia kwa sauti ambayo hata mtoto aliijua kuwa ya kujikaza. Tulipofika ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Nilitoa pumzi, nikaona moshi unatoka mdomoni mwangu, nikalia kwa kudhani naungua ndani.

Basi nikagoma. Niliwaza kwamba mtu asiyeongea hapati rafiki, na asiye na rafiki hawezi kuambiwa kwamba amezoea. Shikamoo sikuweza kuigoma. Huko, mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo niliamkia kila mtu kwa utii wote, kisha nikafunga mdomo. Shuleni mwalimu alidhani nina tatizo la masikio. Wenzangu wakati wa mapumziko walicheza kwa Kishambaa, wakinigeukia mara moja moja kwa Kiswahili kuniita, nami nikiwatazama kama mgeni rasmi. Bakari nilimwandaa mapema. Nilimhonga kashata tulizokuja nazo, nikamfundisha kwamba siku ya kuulizwa asifikirie chochote, aseme tu, "Kurudi!"

Mtu mmoja tu alinitia wasiwasi, naye ni Mama Elia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kutembea, mkulima wa karoti na mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, aliyevaa mabuti ya mpira mvua inyeshe isinyeshe. Ng'ombe wake alimpa jina la Meneja, kwa sababu, alisema, anakaa tu ndani siku nzima anangoja kuletewa. Nilikuwa nafika bandani, natoa shikamoo yangu, nakabidhi ndoo. Mama Elia aliipokea, akanitazama machoni, akatabasamu na kuniambia, "Ongea." Kila siku, bila kukosa. Ongea! Nikajua kwamba Mama amekwenda kunisemea. Nikajua mtaa mzima una habari ya mgomo wangu na umemtuma huyu bibi wa mabuti kuuvunja. Nilichukua maziwa nikaondoka midomo nimeibana, na kesho yake akaniambia tena.

Wakati huohuo Baba alikuwa akipungua. Alipanga kibaraza karibu na soko, akatundika kanzu tatu za mfano na madera mawili ya kitambaa chepesi, yale ambayo Tanga yaligombaniwa. Huku yakapepea tu na baridi. Waislamu walikuwapo wengi, lakini kila mmoja alikuwa na fundi wake wa siku zote, na wapita njia wengine walikuwa wamevaa masweta na makoti, wakiyatazama madera yale kwa huruma. Jioni Baba alirudi akasema leo palikuwa na ukungu, watu hawakutoka. Siku iliyofuata akasema hivyohivyo. Mama hakumuuliza zaidi. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, maana niliona mambo yananiendea vizuri.

Mvua za vuli zilianza kwa kishindo. Jioni moja njia ya kwa Mama Elia ilikuwa utelezi mtupu, nikaanguka na ndoo yangu, maganda yakamwagika mteremko mzima. Niliyaokota moja moja kwenye matope huku nikilia kimyakimya, nikafika bandani nimelowa, sketi ya shule imegeuka rangi. Mama Elia alitupa jembe lake chini, akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Jamani, Mwanaidi! Ongea sana, mwanangu. Ongea sana."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia sitaki kuongea, na wala siongei, na asiniambie tena. Nilimwambia nikiongea ndiyo tutabaki huku kwenye baridi, na Bibi yangu Tanga analala peke yake, na Baba anajua kushona kanzu kuliko mafundi wote wa Ngamiani lakini huku hakuna anayemwagiza hata moja, na anatudanganya kila siku habari za ukungu, na vuli zikiisha tutaulizwa, na mimi nitasema kurudi, na Bakari pia atasema kurudi kwa sababu ameshakula kashata zangu. Miezi mitatu ya maneno ilitoka kwa mkupuo. Hata Meneja aliacha kutafuna.

Mama Elia aliitua ndoo chini. Kisha alikaa juu ya gogo akacheka mpaka kilemba kikamwangukia usoni. "Nani kakwambia uongee? Hongea, mwanangu. Hongea! Ndiyo asante kwa Kishambaa. Miezi yote hii nakushukuru, kumbe nakuudhi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alinifuta matope kwa ncha ya kanga yake bila haraka, akaanza kuniuliza maswali ya ajabu. Hiyo kanzu ya baba yako, mikono yake ni mipana? Nikasema mipana. Inafika chini? Nikasema mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza, "Na mama yako, naye anarudi Tanga?"

"Hapana, yeye anabaki kazini."

"Anabaki na nani?"

Nikainama nikabandua ganda lililonasa kwenye sketi yangu. Hakunisukuma. Alinipa maziwa akaniambia nikimbie kabla mvua haijarudi. Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni kuvua viatu, nikaona viatu vyetu vimepangwa: vya Baba, vya Mama vya kazini, ndala za Bakari, na vyangu vyenye matope. Nikajaribu kuondoa jozi tatu kwa mawazo. Viatu vile vyeupe vya Mama, vilivyobaki peke yavyo kwenye sakafu ya saruji, vilinitia uchungu ambao sikuutarajia, na usiku ule nilikula kimya kwa sababu tofauti na ile ya siku zote.

Mvua zilipokatika, Jumapili moja ya Desemba, Baba alitukalisha mkekani baada ya chakula cha mchana. Mama alikaa pembeni, mikono yake ameifumbata mapajani, macho yake yakitazama dirishani. Kabla ya kuuliza chochote, Baba aliingia chumbani akatoka na koti. Lilikuwa la kijivu, lina mifuko miwili na vifungo vidogo vya kanzu, kwa kuwa hakuwa na vingine. Alinivalisha mwenyewe. Lilinukia mafuta ya cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu tulipopanda mlima mabega yangu yalipata joto. Neno likanitoka kabla sijalifikiria. Nikasema, "Hongea, Baba."

Mama alilijua neno lile; wagonjwa walimwambia kila siku. Baba hakulijua, kwa kuwa alikuwa bado hajapata wateja wa kumshukuru. Aliinamisha kichwa. "Haya," akasema. "Mtoto mwenyewe ameniambia niongee, basi nitaongea." Akasema kwamba si sisi tunaotaka kurudi, ni yeye. Akasema anaona aibu kukaa kibarazani na mikono mitupu wakati mkewe anatoka kazini amechoka, na kwamba ametutanguliza sisi watoto ili siku ya kuondoka isiwe yeye aliyesema. Sikuwahi kumsikia Baba akisema maneno kama yale, wala kwa sauti ile. Nilimpenda sana dakika ile, na nilimwogopea.

Hapo Bakari akanyoosha kidole na kupaza sauti, "Kurudi!"

Mama alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Baba Mwanaidi," akasema, "mtoto hajakwambia uongee. Amekwambia asante." Kisha akanivuta karibu, akaishika kola ya koti langu, akaligeuza upande wa ndani, akaligeuza tena. "Hili si blanketi la cherehani?"

Baba akakubali kwamba ndilo.

"Umelikata lini?"

"Juzi."

"Sasa siku ya kurudi cherehani ungekifunga na nini?"

Baba alilitazama koti, akanitazama mimi niliyekuwa ndani yake, akakuna kichwa. "Hilo sikulifikiria," akasema, na uso wake ukalegea. Ndipo aliponiuliza mimi neno langu. Nilisema tukae. Nikaongeza, ili isiwepo nafasi ya kukosea, "Wote wanne." Bakari aliuliza kama kashata atatakiwa kuzirudisha.

Kesho yake Mama Elia alifika kibarazani kwa Baba na wanakwaya wenzake wawili, wamebeba jora la kitambaa cheupe. Walitaka majoho ya kwaya kabla ya Krismasi, yenye mikono mipana, ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Baba alituambia jioni kwamba mwanzo alitaka kuwaeleza hajawahi kushona joho, kisha akazitazama kanzu zake zilizotundikwa, akanyamaza akachukua futi. Alishona mpaka siku ya mwisho. Asubuhi ya Krismasi alitupeleka mimi na Bakari tukasimama ng'ambo ya barabara kuwatazama wanakwaya wakiingia kanisani, weupe kwenye ukungu, na badala ya kufurahi alilalamika kwamba pindo la yule wa tatu limepanda. Tangu mwaka ule neno hongea alilisikia hadi akalizoea. Alilijibu kwa Kishambaa cha lafudhi ya Tanga ambacho watu walikipenda kuliko cha kwao.

Sasa nina miaka zaidi ya aliyokuwa nayo Baba mkekani pale. Mapema mwaka huu mimi na mume wangu tumewapandisha watoto wetu kutoka Dar es Salaam kuja kuishi huku, karibu na wazazi wangu, ambao hawakushuka tena. Baba macho yamefifia; uzi anatungiwa na Mama. Nyumba zimeongezeka mpaka kilimani, ukungu hauketi chini kama zamani, na kila mtu ana simu mfukoni. Bibi yangu tulimzika Tanga zamani, na mpaka leo naamini alinidai usiku mwingi wa kulala naye. Naona kwamba wazazi wangu, pamoja na hofu yao yote, walitupa sisi watoto nafasi ya kusema, hata kama mmoja wao alijificha nyuma ya nafasi hiyo. Mwanangu Idrisa, mwenye miaka kumi, mimi sikumuuliza. Nilimwambia tunahama, akafunga begi lake, na tangu tufike amenuna, hazungumzi na mtu, anatoa shikamoo zake na kurudi chumbani. Linaniuma, na nimekwisha kumwomba radhi kupitia mlango uliofungwa.

Koti la kijivu lipo. Analivaa mdogo wake Idrisa. Mama Elia yupo pia, mzee sasa, na bandani mwake yumo mjukuu wa mjukuu wa Meneja, mvivu vilevile. Wiki iliyopita nilitafuta ndoo, nikaijaza maganda ya viazi, nikampa Idrisa na kumwonyesha njia. Tangu siku hiyo huipeleka kila jioni. Jana alirudi na chupa ya maziwa, uso umemvimba kwa hasira, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame akaniambia sentensi nzima.

"Mama, yule bibi wa mabuti amejuaje kwamba mimi siongei?"

Nilipokea maziwa, nikageukia jiko ili asinione uso. Nilimwambia sijui, kesho apeleke tena ndoo, amuulize mwenyewe.