Mkono kwenye Kioo cha Televisheni

Mwezi uliopita nilikuwa Muyinga, kwa fundi mmoja nyuma ya soko, nikiulizia televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa. Akataja bei, nikaikata nusu. Akaizima kwa hasira na kufunga dirisha, nijionee kuwa kioo ni kizima. Gizani kikabaki kinang'aa, kijani hafifu.

"Ni poda, mama. Iko imepakwa ndani ya kioo. Inakunywa mwanga, halafu inaurudisha polepole. Lakini haikai."

Kwamba haikai, nilijua tangu nina miaka minane.

Ilikuwa miaka ya vita, nyumbani kwetu Nyamugari, Gitega. Tulikuwa na televisheni moja na majirani kumi na wawili. Niliwahesabu mara mbili, kwa sababu wote walikula karanga zetu. Walikuja kutazama habari, wakanywa chai ya tangawizi, wakakimbilia kwao kabla ya saa ya kutotoka nje. Umeme ukikatika, baba alituchezesha: unabandika kiganja kwenye kioo, anakimulika kwa tochi, unaondoa mkono. Kioo chote kinang'aa, isipokuwa pale ulipokuwa mkono. Panabaki peusi, na vidole vyake vitano.

"Nani amesahau mkono wake hapa?" baba aliuliza, nasi tukacheka hadi bibi akatunyamazisha, maana barabarani walikuwa wanapita watu wasiotaka kusikia kicheko.

Usiku wa kuamkia safari yake ya Muyinga, alikokwenda kuuza vitenge, baba alibandika mkono wake. Nikawahi kuufunika kwa kile kitambaa cha kufuma cha kukinga vumbi. Nilifikiri kama mchuuzi: kitu kilichofunikwa hakichakai. Nikatangaza kwamba hakuna kuwasha mpaka arudi.

"Siku tatu," baba alisema.

"Mbili."

"Tatu, na usiniongezee."

Siku ya nne majirani walikuja na wasiwasi. Walisikia barabara ya Muyinga ni mbaya. Nikasimama mbele ya televisheni, mikono nimeitanua.

"We mtoto," alisema jirani yetu, mwalimu wa shule ya Mushasha, "huo mkono umekwisha zamani. Washa tujue barabara iko namna gani."

"Mumuache," bibi alisema. "Redio inatosha."

Kesho yake mchana alikuja utingo wa lile lori alilopanda baba. Alizungumza na bibi nyuma ya jiko, kwa sauti ya chini, akaondoka bila kunywa hata maji. Bibi akarudi kwenye ungo wake wa maharage. Alichagua fungu lote, akalimwaga, akalichagua upya.

Jioni aliniita sebuleni. Palikuwa giza.

"Kuja uone."

Akafunua kitambaa. Mkono ulikuwepo, mweusi, na kioo kinang'aa kama ndiyo kwanza kimemulikwa. Nilifurahi mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha nikahesabu vidole. Vitano. Nikarudia. Vitano, ila kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda ndani, kama cha bibi tangu alipokivunja kwa mchi, na kiganja chenyewe kilikuwa chembamba. Nikamtazama. Chini ya khanga yake palikuwa na doa jekundu la mwanga. Alisahau kuzima tochi.

"Iko?" aliniuliza.

"Iko, bibi."

Tukakaa tunautazama mpaka kioo kikawa giza lote. Asubuhi majirani walikuja na mikeka na sukari, na wanawake wakaingia jikoni bila kusalimia kwa sauti. Baba hakuletwa. Hatukuoneshwa hata mahali alipofia.

Siku hizi televisheni ni nyembamba kama sinia, ukiizima, imezima. Nyumba ya Nyamugari wanaishi wengine. Bibi tumemzika Gitega, na sikuwahi kumuuliza kama jioni ile alitaka nidanganyike, au kama hiyo ndiyo njia aliyoipata ya kuniambia.