Shikamoo ya Kizungu

Jumanne nilikuwa mapokezi ya hoteli moja hapa Mtwara. Nyuma ya kaunta, binti wa chuo alikuwa kwenye mtihani wa vitendo, Kiingereza tu, na mwalimu wake kando ameshika karatasi ya maksi. Mara akaingia bibi mmoja kutoka kijijini Mpapura, mfuko wa mihogo kichwani.

"Good morning, madam," binti akasema, macho chini.

Bibi akaduwaa. "We mjukuu wangu, si ni mimi bibi yako?"

Binti akamtazama mwalimu. "How can I help you, madam?"

Nikashika mdomo. Bibi akatua mfuko, akatabasamu. "Kumbe ndo shikamoo ya Kizungu hiyo! Marahaba, mjukuu wangu."

Mwalimu akaandika maksi zote. Jamani, mtoto kamnyima bibi yake shikamoo, na kafaulu!