Alfayo na Mogire, Walishaji wa Mtungi

Kule Manga alikuwako Msabato mmoja, Alfayo Momanyi, ambaye miaka ya sabini mwanzoni alifanya kazi ya kulisha mtungi wa chuma katika kiwanda kidogo cha mafuta ya kupikia. Mtungi ule ulikuwa na presha kali ndani, na chakula chake kilikuwa unga mweusi wa makaa wa kusafishia mafuta, laini kuliko masizi. Juu yake palikuwa na kijichumba chenye milango miwili. Unafungua wa juu, unamimina unga, unafunga. Ndipo unafungua wa chini. Ukiharakisha ukafungua yote miwili, presha inakurudishia unga usoni. Na unga wenyewe mkaidi, unashikana pale katikati, lazima uugonge polepole kwa nyundo ya mti huku ukisikiliza.

Walioiweza kazi hiyo ni wawili tu, yeye na Mogire, Mkatoliki wa Nyamache. Walipatana wenyewe: Mogire ashike Jumamosi zote, Alfayo Jumapili zote.

Basi Sabato moja, watu wakiwa katikati ya wimbo, msimamizi Andrew akasimama mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi.

"Mzee Alfayo, Mogire ameanguka na malaria. Unga umekwama. Mafuta yakiharibika leo, tajiri atamfukuza. Alishamwonya."

Alfayo hakuinuka. Alikuwa ameapa mbele ya kanisa hilohilo kwamba hatagusa kazi siku ya Bwana, na wazee wa kanisa walikuwa wakimtazama. Mkewe Jemimah akageuka kutoka upande wa wanawake.

"Baba Nyanchera, miaka hii yote Sabato yako imelindwa na nani? Si huyo Mkatoliki? Nenda!"

Akaenda na shati lake jeupe. Akagonga, akasikiliza, akafunga juu, akafungua chini, taratibu kama mama anayemlisha mtoto mgonjwa, mpaka unga ukaisha na mafuta yakapona.

Jioni alipitia kanisani, kisha akaenda kumwona Mogire, shati jeusi tititi. Mogire akacheka kitandani mpaka akakohoa.

"We Msabato! Leo umebatizwa kwa masizi?"

"Nyamaza unywe uji."

"Wazee wamesemaje?"

"Wamenitoa kwaya kwa muda. Jemimah naye amewaambia basi hata yeye haimbi."

Mogire akanywa uji.

"Kesho Jumapili," akasema.

"Ni yangu. Lala."

"Na Jumamosi ijayo ni yangu, hata nikitambaa."