Ngozi Iliyokaa Kitandani kwa Bibi

Fiii. Kimya. Fiii. Mwanzoni nilidhani ni mbuzi analia chini ya kitanda, maana wetu wawili walikuwa wakilala humo humo ndani na sisi. Nikainama kuwaangalia. Wametulia kabisa, wanatafuna pindo la shuka langu. Filimbi ilikuwa inatoka kifuani kwa bibi.

Kiangazi, vumbi la kijijini kwetu Kikwe halisubiri mlango ufunguliwe. Na mimi ndiye nilikuwa bingwa wa kupambana nalo. Nimelelewa hivyo: msichana hasalimii watu kabla hajafagia. Kukipambazuka nashika fagio, nafagia mpaka uvunguni, kavu kavu, bibi akiwa bado amelala juu. Halafu navuta ngozi ya kondoo anayolalia, naikung'uta pale pale mlangoni, paa, paa, manyoya yanaruka kama vifaranga wamekimbizwa. Hapo ndipo nasema shikamoo.

"Marahaba," anaitika, kisha anakohoa.

Majirani walinisifu sana. Nami nilishaanza kuota nyumba yangu ya wageni yenye madirisha yanayotazama Mlima Meru, mashuka meupe, watu wanaulizana nani anafanya usafi hapa.

Kumbe.

Filimbi ilipozidi, kila mtu akawa daktari. Shangazi akapiga simu kutoka Kwa Mrombo: "Hiyo ni baridi ya mlima, mvalishe sweta." Tukamvalisha moja, la pili, la tatu, akawa kama kabichi, na kifua bado kinaimba. Jirani akaleta tangawizi. Bibi mwenyewe akasema ni uzee, tuache kelele. Nilichoka nao wote! Siku aliposhindwa kufika bombani bila kukaa chini njiani, mdomo umepauka, hata jina langu hawezi kulimaliza, sikuuliza mtu tena. Nikampeleka zahanati mjini, upande wa Daraja Mbili.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo tu. Akamsikiliza kifua, akasema ni pumu, akamfundisha kutumia dawa ya kuvuta. Kisha akanigeukia.

"Nyumbani nani anafagia?"

"Mimi," nikasema kwa maringo. "Kila asubuhi. Mpaka uvunguni."

"Unanyunyiza maji kwanza?"

"Hapana."

"Na yeye anakuwa wapi?"

"Kitandani."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza habari za wanyama, nikamwambia za mbuzi, nikamwambia na za ngozi. Nilikuja kutafuta sifa, nikatoka nimenywea. Alieleza taratibu, bila kunigombeza, kwamba vumbi na manyoya ya wanyama huingia kifuani, na kwa mtu mwenye pumu njia za hewa huvimba na kubana. Mbuzi watoke. Ngozi itoke. Nyumba ifagiliwe kwa kunyunyiza maji, au ipigwe deki, na bibi awe nje.

Mbuzi walitoka baada ya vita vya siku mbili. "Wakiibwa, utatoa maziwa wewe?" bibi aliniuliza. Ila ngozi, hapana. Alikataa katakata.

"Unajua hii ni ya nini?"

Najua. Nimeambiwa tangu sijui kutembea. Nilipozaliwa walichinja kondoo, mama akanyweshwa mafuta yake apate nguvu, na ngozi akapewa bibi kwa sababu mikono yake ndiyo iliyonipokea.

"Hii ni wewe," akasema. "Nikutupe?"

"Bibi, mimi si huyu hapa? Mzima, naongea! Kwa nini unilalie?"

Akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka filimbi, akaishikilia nguzo ya kitanda, nami nikakimbilia dawa. Alipotulia nilienda migombani nikalia kwa hasira. Mtu anakosa pumzi kwa kunipenda, sasa hapo unamgombeza vipi?

Jumapili akajiandaa kwenda kanisani. Mlangoni akageuka. "Nikirudi niikute."

"Utaikuta, bibi."

Alipopotea machoni nikafunga kanga puani. Nikaibeba ile ngozi mpaka chini kabisa shambani, nikaipiga fimbo mpaka mkono ukaniuma. Nikaikunja, nikaiingiza kwenye mfuko wa salfeti, ule wa plastiki wa kuwekea nafaka, uliofuliwa, nikaushona mdomo kwa sindano ya magunia, mara mbili, hata unyoya mmoja usipite. Nikapigilia msumari chini ya ukingo wa paa, nje, mbele ya dirisha lake, nikautundika. Nikanyunyiza maji ndani, nikafagia polepole, nikapiga deki.

Kisha nikajilaza kitandani upande wake, kichwa pale anapoweka chake, kuhakikisha kwamba kutoka hapo mfuko unaonekana.