Mwoka Mikate wa Ashwick na Jina Lake

Keziah Thorley hakuwa na meza ya kuandikia wala chumba cha peke yake. Alikuwa na duka la mikate alilorithi kwa baba yake mjini Ashwick, na ule muda ambao unga uliokandwa hufunikwa kitambaa ukaachwa uumuke. Waokaji wengine husinzia. Yeye aliandika. Aliandika hivyo miaka kumi na miwili, mpaka jarida moja la London likaanza kuitoa hadithi yake, sehemu moja kila mwezi, kwa jina la kiume alilojibunia: M. Garrod. Mhariri hakujua kuwa Garrod ni mwanamke. Angejua, huenda angeitupa kapuni.

Weee, hadithi ikawaka moto! Ashwick nzima ikajiona humo: daktari bahili, mjane mpenda umbea, hata mbuzi wa kasisi. "Huyu Garrod ni wa hapahapa," wakasema, na macho yote yakamgeukia mwalimu mstaafu, Lemuel Pask, maana alizoea kujigamba kwa Kilatini chake. Pask hakukubali, hakukataa. Alitabasamu tu, mzee asiye na haya yule, akanywa bia za bure.

Keziah aliumia, akaendelea kuuza mikate. Ndipo Bi Hester Dobb, mwenye nyumba ya wageni, alipoingia dukani akihema.

"Keziah mwanangu, Jumamosi mchana tunamfanyia karamu Mwalimu Pask! Nataka pai sita, na usinibanie nyama!"

"Karamu ya nini?"

"We naye! Ya hadithi yake ya jaridani! Unaishi dunia gani?"

Pai akazioka, akazipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wageni. Pask alikuwa ameketishwa mbele kama bwana harusi.

"Mwalimu, hamu itatuua," Bi Hester akasema. "Sehemu ya mwisho ni mwezi ujao. Tudokeze basi, Ruth anaolewa na yule mwenye kinu cha kusagia unga?"

Pask akakohoa. "Ataolewa, bila shaka."

"Haolewi," Keziah akasema. Alikuwa bado ameshika sinia la pai.

"Kakuuliza nani? Weka pai hizo!" Bi Hester akafoka.

"Mwenye kinu anakufa maji. Ruth anakiendesha kinu mwenyewe."

Akaisema kwa kichwa sehemu yote ambayo haijatoka, neno kwa neno, mpaka mstari wa mwisho. Pai zikapoa, hakuna aliyezigusa. Pask aliinuka taratibu, akakiacha kiti, akatoka.

Bi Hester alikuwa akifuta machozi. "Kumbe ni wewe! Na yule mjane mmbea je, ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Shetani mkubwa wewe! Njoo ukae hapa!"

Jumatatu Keziah alimwandikia mhariri ukweli wote, kisha akangoja wiki nne bila jibu. Jarida likaja. Alilifungua palepale dukani, akaruka kurasa zote hadi mwisho. Chini ya mstari wa mwisho palichapwa: Keziah Thorley. Alilisoma jina lile tena na tena, huku mikate ya mji mzima ikiungua tanurini.